Kisima Kikipanda Bei: Tabianchi na Hesabu ya Neema za Pwani

Mhadhara wa hadhara, Makadara, Mombasa



Nitaanza na daftari la mhasibu, na mniwie radhi kama mlikuja kutarajia habari za barafu inayoyeyuka. Tuchukue kisima kimoja cha mtaa, baina ya Makadara na Mji wa Kale. Mwaka ambao mfereji unatoa maji, kisima hicho hakina kishindo. Majirani huchota ndoo mbili tatu za kufulia na kupigia deki, na mwenyewe hadai senti. Kisha uje ukame kama ule wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikapita kapa mfululizo katika sehemu kubwa ya nchi, na mfereji ubaki kutema upepo. Mikokoteni ya madumu inaingia vichochoroni tangu alfajiri, dumu la lita 20 linapanda bei, na kisima kile kile sasa kina foleni. Mhasibu akija kukadiria huduma ya kisima hicho kwa shilingi ataandika kwamba thamani yake imepanda, wala hatakuwa amesema uwongo. Ila maji ya kisima hicho yamepungua kina, na yameanza kuuma chumvi ulimini. Daftari limenona mwaka ambao kisima kimekonda.

Hilo ndilo jambo langu la leo, wala sina jingine kubwa kuliko hilo. Tabianchi inayobadilika huingia kwenye hesabu zetu kwa milango miwili kwa wakati mmoja. Inapunguza uwezo wa maumbile kututumikia, na papo hapo inaongeza haja yetu ya utumishi ule. Uwezo ukishuka na haja ikipanda, bei hupanda. Anayesoma bei peke yake atadhani mambo ni mazuri.

Wataalamu huyaita mambo haya huduma za mfumo ikolojia. Msitishwe na jina. Ni maji ya kisima, ni kaa na kamba wa hori ya Tudor, ni kivuli cha mwarobaini, ni mkoko unaovunja wimbi, ni mwamba wa matumbawe unaozilinda fukwe za Nyali na Bamburi, ni hata upepo wa Mama Ngina ambako watu hutoka jioni kula mihogo na kutazama meli zikiingia Kilindini. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walijaribu kuzitia bei huduma hizo kwa dunia nzima, wakatoa jumla ya dola trilioni 33 kwa mwaka. Mchumi mmoja, Michael Toman, aliwajibu kwa kejeli kwamba wamekadiria kwa uchache kitu kisicho na mwisho, na mimi naona alikuwa na haki ya kucheka. Mwaka 2005 ikaja Tathmini ya Milenia ya Mifumo Ikolojia, kazi ya wataalamu zaidi ya 1,300, iliyosema kwamba katika huduma 24 walizozichunguza, 15 zilikuwa zinadhoofika au zinatumiwa kupita kiasi.

Lakini kilicho muhimu zaidi kwetu kilipita bila kelele. Mwezi wa Machi 2021, Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo wa kuweka hesabu za mifumo ikolojia, na mfumo huo unataka madaftari tofauti. Kuna daftari la eneo: mikoko ni hekta ngapi. La hali: mikoko hiyo ni mizima au inanyauka. La huduma kwa vipimo vya kawaida: lita, kilo, watu waliokingwa na mafuriko. Kisha ndipo linakuja la pesa. Kisima chetu kingewekewa madaftari yote hayo, udanganyifu wa bei ungeonekana mara moja, kwa sababu daftari la hali lingeteremka wakati la pesa linapanda. Tatizo la mipango mingi inayoletwa mbele yetu ni kwamba hutuonyesha daftari la mwisho tu, tena la mwaka mmoja.

Sasa niingie ardhini, chini ya miguu yenu. Kisiwa hiki cha kilomita za mraba zipatazo 14 kimekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale. Mawe hayo yana vitundu. Mvua ikinyesha haikai juu, inazama. Maji matamu yakishazama hukutana na maji ya bahari yanayoingia kutoka pembeni, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi. Wataalamu wawili wa Ulaya, Mholanzi na Mjerumani, kila mmoja kwa njia yake, walitoa kanuni yake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: maji matamu yakisimama mita moja juu ya usawa wa bahari, chini yake huwa na takriban mita 40 za maji matamu. Kanuni hiyo ina upande wa pili ambao wachimba visima hawausemi. Ukiteremsha kimo cha maji matamu kwa nusu mita kwa kupiga pampu, unakaribisha chumvi ipande kwa mita 20.

Ndiyo maana wazee walichota kwa ndoo na kamba, visima vya misikiti vikajaza birika kwa karne nyingi bila kuharibika. Ndoo hainyonyi. Leo pampu inanyonya, vipindi vya ukame vinarefuka, na bahari inapanda. Kwa dunia nzima bahari ilipanda wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka baina ya 2006 na 2018. Milimita tatu na ushei ni kitu kidogo ukiitazama ufukweni, ambapo siku za bamvua maji hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita tatu. Kwa maji matamu yaelealeayo chini ya kisiwa, kila mwaka, bila kurudi nyuma, si kitu kidogo hata kidogo.

Na kuna mambo mawili hapa ambayo tabianchi haina hatia nayo. La kwanza, tumefunika ardhi. Ua uliokuwa wa mchanga una saruji. Uwanja wenye miti una maegesho. Mvua iliyokuwa ikizama sasa inakimbilia baharini ikipitia milangoni mwa watu. La pili ni la kukera, na nalisema kwa adabu: kwa kuwa nyumba nyingi kisiwani hutegemea mashimo ya choo na ya maji machafu, sehemu ya maji yanayojaza visima vyetu haikutoka mbinguni. Kwa hiyo atakayepima kisima na kukuta kimeharibika, kisha akaandika sababu ni tabianchi, ametufanyia ukarimu tusioustahili. Hesabu nzuri hutenganisha kilicholetwa na hewa ya dunia na kilicholetwa na sisi, kwa sababu dawa zake ni mbili tofauti.

Maji ya mfereji nayo yana asili yake. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, linavuta maji kutoka chemchemi zilizo ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Chemchemi hizo zinalishwa na mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu, unaozama kwenye mawe ya volkano na kutokea upande wa chini baada ya safari ndefu. Maji mengine ya Mombasa hutoka Marere katika Shimba Hills, Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Msitu ukiungua Chyulu, mama wa Makadara ndiye atakayelipa, ingawa jina lake halimo katika tathmini yoyote ya Chyulu. Mipaka ya hesabu zetu hufuata kaunti. Maji hayajui kaunti.

Tuseme sasa juu ya wastani, maana hapo ndipo wahandisi na wanauchumi wanapoteleza pamoja. Kawaida ya hali ya hewa duniani hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Mifereji ya mvua huchimbwa kwa wastani kama huo, mabwawa hupimwa kwa huo, na faida za mikoko hukadiriwa kwa mavuno ya miaka iliyopita. Ilikuwa busara wakati kesho ilipofanana na jana. Lakini 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza ambao joto la dunia, kwa mwaka mzima, lilipita nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya viwanda. Mvua zetu nazo hutawaliwa na bahari mbili. Pasifiki ikileta El Niño na Bahari ya Hindi ikapata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli hugeuka gharika, kama Novemba 2023 ilipotufikia mara tu baada ya ukame ule mrefu. Chukua ukame na gharika, vijumlishe, vigawanye kwa mbili: utapata mwaka mzuri wa kawaida ambao hakuna mtu aliyeuishi.

Watu wa Mombasa hawahitaji mgeni awaeleze tofauti ya mali na tija yake, kwa sababu tuna wakfu. Nyumba ikiwekwa wakfu kwa msikiti, kodi yake ndiyo hutumika. Nyumba yenyewe haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, akiwa mwaminifu haulizi kwanza kodi ya mwezi huu imefika ngapi. Anauliza paa linavuja wapi. Mikoko, matumbawe na maji ya chini ni mali ya namna hiyo, na tathmini nyingi za kisasa ni za mutawalli anayesifiwa kwa kodi kubwa huku kuta zinapasuka. Tabianchi inaongeza swali ambalo mutawalli wa zamani hakuulizwa: je, kiwanja chenyewe kitakuwapo?

Wachumi hapa wana kanuni yao, nayo ndiyo inayoua misitu bila panga. Wanapolinganisha faida ya leo na ya baadaye, hupunguza ile ya baadaye kwa asilimia fulani kila mwaka. Wakitumia asilimia 10, shilingi 100 zitakazopatikana baada ya miaka 30 huhesabiwa leo kuwa chini ya shilingi 6. Kwa hesabu hiyo, mkoko utakaomkinga mjukuu wako na wimbi hauna uzito mbele ya maegesho yatakayolipa mwaka ujao. Kupunguza huko kuna sababu yake katika biashara. Lakini kulijengwa juu ya imani kwamba wajukuu watakuwa matajiri kuliko sisi, na kwamba wakikosa mkoko watanunua kitu badala yake. Kwa huduma inayozidi kuwa adimu imani hiyo haisimami. Wapo wachumi wanaosema kitu kinachoadimika kipunguziwe kwa asilimia ndogo au kisipunguzwe kabisa, nami nawaunga mkono. Mwenye kuweka wakfu hakumpunguzia mjukuu wake.

Twende Tudor, mahali ambapo nadharia yote hii inanuka matope.

Kenya ina mikoko ya hekta zipatazo 61,000, karibu theluthi mbili zake Lamu. Sisi wa Mombasa tuna sehemu ndogo, katika hori za Tudor na Port Reitz na upande wa Mtwapa. Ukipita kwa ngalawa utaona jinsi ilivyojipanga. Mlilana umetangulia mbele, miguu majini. Nyuma yake mkoko wenyewe na mizizi yake ya upinde, muia ukiwa umechanganyika humo. Juu zaidi, ambako maji hufika kwa bamvua tu, kuna mkandaa na mchu. Kila mti umechagua kina chake cha maji. Wakataji walijua hayo vizuri, kama walivyojua kupanga miti kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na majahazi yaliipeleka Arabuni kwa karne nyingi hadi serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Dari za nyumba za Mji wa Kale bado zimeshikwa na boriti hizo. Urefu wa boriti ndio uliotupa vyumba vyembamba.

Bahari ikipanda, kila mti katika mpango ule unataka kusogea hatua moja kuelekea nchi kavu. Msitu una njia mbili tu za kuokoka. Ya kwanza ni kuinua sakafu yake: mizizi hunasa tope, majani huoza, ardhi hupanda pamoja na maji. Utafiti uliochapishwa 2020, uliosoma historia ya mikoko kwa maelfu ya miaka, ulionyesha kwamba bahari ikipanda kwa zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, mikoko haielekei kumudu mwendo huo. Tumebakiwa na nafasi kabla ya kufika huko, lakini si kubwa. Njia ya pili ni kuhamia nyuma. Na nyuma ya mikoko ya Tudor kuna nini? Kuna Mikindani, kuna Jomvu, kuna kuta za viwanja, nyumba za mabati, barabara. Msitu unaotaka kurudi nyuma umekuta mlango umefungwa kwa mawe.

Kwa hiyo hekta moja ya mikoko yenye nafasi nyuma yake na hekta moja iliyobanwa na ukuta si mali moja, hata kama leo zote mbili ni za kijani na zinatoa kaa wale wale. Tathmini inayozipa thamani sawa imekosea. Nakazania hili kwa sababu karibu kila mpango niliousoma hupima hekta tu. Hata kazi ya kuvunja wimbi hubadilika bila mti mmoja kukatwa. Tafiti zilizokusanywa duniani zinaonyesha mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66. Tofauti hiyo kubwa hutegemea mizizi na matawi yako wapi na maji yana kina gani. Maji yakizidi kina, wimbi hupita juu ya mizizi.

Mikoko hiyo hiyo ya Tudor ina kazi nyingine tuliyoipa bila kuiuliza: inasafisha maji machafu ya mji. Taka za majumbani kutoka upande wa Mikindani huingia msituni bila kusafishwa, na watafiti wa bahari wa hapa Mombasa wameonyesha kwamba mikoko huchuja sehemu ya uchafu huo kabla haujafika horini. Mtu wa bajeti akisikia hayo hufurahi: huduma ya bure, mtambo hauhitajiki! Lakini maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na gharika ikija taka hupita msituni kwa saa chache badala ya kutulia. Huduma iliyopimwa siku ya kawaida haipatikani siku ya haja.

Na upande wa pili wa kisiwa, Port Reitz, kuna somo ambalo lingefaa lifundishwe katika kila shule ya Mombasa. Mwaka 1997 na 1998 mvua za El Niño ziliporomosha udongo wa bara ya Kwale ukashuka na mto Mwache. Tope likafunika mizizi ya kupumulia ya mikoko ya hori ya Mwache, na sehemu kubwa ya msitu ikafa imesimama. Nani aliua? Mvua, ndiyo. Lakini mvua ilikuta milima imekwanguliwa miti na mashamba hayana matuta. Tabianchi ilisukuma, sisi tulikuwa tumeshafungua mlango.

Sasa oneni ugumu. Tope lile lililoua kwa wingi wake ndilo lile mikoko inalolihitaji kidogo kidogo ili iinue sakafu yake. Na juu ya mto huo huo linajengwa bwawa la Mwache, kwa ajili ya kuipa Mombasa maji. Bwawa tunalihitaji, baada ya niliyoyasema juu ya visima sitasimama hapa nilipinge. Lakini bwawa litanasa tope. Likinasa lote, mikoko ya chini itakosa chakula cha kuinukia wakati bahari inapanda. Mpango wa maji ukihesabiwa peke yake utaonekana ni faida tupu, na mpango wa mikoko ukihesabiwa peke yake utasema msitu umehifadhiwa. Hasara imejificha katikati ya madaftari mawili ya ofisi mbili. Ninachotaka ni kwamba siku zikihesabiwa faida za bwawa, mtu mmoja awe ameandika pia tope kiasi gani litaachwa lipite, na katika miezi gani.

Gazi, kusini mwa Kwale, mambo yamekwenda kwa matumaini zaidi. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya na mwanasayansi James Kairo, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, kwa mradi wa Mikoko Pamoja. Pesa zimekwenda kwenye maji, shule na kupanda miti. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Uzuri wa Gazi katika mada yetu ni kwamba hewa ukaa haiuzwi yote. Sehemu huwekwa akiba kwa ajili ya msiba, msitu ukipigwa na dhoruba au ukifa. Wameiandika hatari ndani ya daftari.

Na kuna utafiti wa mwaka 2015, uliohusu mikoko ya kusini mwa pwani yetu, ambao ulifanya jambo rahisi: badala ya kuuliza msitu una thamani gani leo, uliwauliza wadau wa msitu wanaonaje miaka 20 ijayo. Mambo yakiendelea kama yalivyo, makadirio yalikuwa kupotea kwa asilimia 43 ya msitu. Wakifuata njia ya maendeleo inayozingatia tabianchi, msitu ungeongezeka kwa asilimia 8. Mnaweza kuzitilia shaka nambari zenyewe, hata mimi nazitilia. Umbo la swali ndilo ninalolipenda. Thamani ya kuhifadhi ni pengo kati ya kesho mbili, na wala si tofauti ya leo na jana.

Kuhusu hewa ukaa nitasema jambo moja tu kisha nipite, maana mawakala wameshaanza kuzunguka pwani na mikataba. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, baada ya kurekebishwa 2023, inataka miradi ya ardhini ilipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Anayekuja na mkataba ambao hautaji asilimia hiyo, mpeni chai na mumsindikize.

Nigeukie nambari moja maarufu. Mmeisikia: bahari ikipanda sentimita 30, asilimia 17 ya Mombasa itazama, hekta 4,600. Imenukuliwa tangu 2008 katika kila ripoti na kila gazeti. Mimi siiamini kwa jinsi inavyonukuliwa. Tembeeni kutoka Fort Jesus hadi Mama Ngina mtazame: kisiwa hiki kimesimama juu ya majabali. Maji hayatapanda yakazamisha Makadara kama sinia. Yatakuja kwa njia za mkato: kwa chini, kupitia visima, kwa mifereji ya mvua inayorudisha maji siku ya bamvua, kwa kula jabali kutoka miguuni, kwa mabondeni mwa Tudor wanakoishi watu wasio na hati. Nambari kubwa moja imetufanya tutazame ufukwe na kusahau kisima.

Fort Jesus yenyewe, ngome ya 1593 iliyo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, imejengewa ukuta wa kuzuia bahari kwa sababu wimbi lilikuwa linakula mwamba uliobeba ngome. Sina neno, ngome haihamishiki. Lakini ukuta haulimezi wimbi, hulirudisha, na nguvu ile huenda kwa jirani. Mkoko humeza. Mwamba wa matumbawe nao humeza, isipokuwa tuliona 1998 joto la bahari lilivyoyafanya matumbawe ya pwani hii kuwa meupe na kuua sehemu kubwa yake, hata ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyoanzishwa 1986. Askari wa hifadhi humzuia mvuvi mwenye juya. Joto hawalizuii. Kwa hiyo swali la msimamizi wa hifadhi limebadilika: kati ya miamba tuliyo nayo, ni ipi iliyostahimili 1998, na ikastahimili tena baadaye? Hiyo ndiyo ya kulindwa kwanza, hata kama si ile inayopendwa na watalii.

Ya kufanya hapa wadini kwetu, Mji wa Kale/Makadara, hayahitaji mfadhili. Misikiti ina visima, na kila msikiti una mtu anayeviangalia kila siku. Natoa ombi kwa kamati za misikiti na kwa shule: kila mwezi mpime kina cha maji na ukali wa chumvi mara mbili, siku za bamvua na siku za maji mafu, muandike kwenye daftari la kawaida pamoja na bei ya dumu mtaani siku hiyo. Kifaa cha kupimia chumvi kinashikika mkononi. Baada ya miaka mitano tutakuwa na kitu ambacho hakuna ofisi inayo: kina, chumvi na bei kwenye ukurasa mmoja. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027 unamalizika, na mwingine utaandikwa. Kamati ya tabianchi ya wadi itakapoitisha wananchi kutoa maoni, msiende na malalamiko peke yake. Nendeni na daftari. Na mkifika huko, ulizeni ardhi ipi nyuma ya mikoko ya Tudor bado haijajengwa, na kama imeshapewa mtu. Mkiambiwa hiyo ni kazi ya wizara nyingine, kaeni chini mngoje mwenye wizara aitwe.

Nimemaliza. Maswali ya kwanza naomba yatoke kwa mama zetu wale wa safu za nyuma, kwa sababu bei ya dumu wanaijua wao.